Kontena Halikuzaliwa Mwaka 2013

Wasee, kuna hadithi moja imezoeleka sana na leo nimeamua kuipinga. Inaenda hivi: hapo zamani programu zilikuwa zinagoma ukizihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, halafu mwaka 2013 ikaja Docker, ikavumbua kontena, shida zikaisha. Utaisikia kwenye video, utaisikia darasani, utaisikia hata kwa yule rafiki yako ambaye ameanza kujifunza wiki jana. Ni hadithi tamu na fupi. Shida ni moja tu, si kweli. Na ukiiamini utakuja kuilipia.

Mimi nililipia. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kumtengenezea mfanyabiashara mmoja mfumo mdogo wa kuhesabu stoki. Kwa laptopu yangu ulikuwa unaenda poa kabisa. Kwa seva yake ukakataa kuwaka: toleo la Python ni lingine, maktaba fulani haipo, faili fulani iko mahali pengine. Nikamwambia ile sentensi ambayo kila mtu wa kompyuta ameshawahi kusema, "lakini kwangu inafanya kazi." Akaniuliza, "Kwani unataka nikununue pamoja na laptopu yako?" Nikakimbilia Docker, nikanakili amri bila kuzielewa, ikakubali, nikajiona fundi. Wiki mbili baadaye nikatoa toleo jipya, nikafuta kontena la zamani, na hesabu zote za stoki za wiki hizo mbili zikaenda nalo. Zikapotea kabisa. Nitawaeleza kwa nini zilipotea, lakini siwezi kueleza bila kurudi nyuma, tena mbali.

Kwanza tuelewane kontena ni nini. Ukiuliza kerneli ya Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa muda wa prosesa, memori na diski kwa programu zote, haitakuonyesha kitu kinachoitwa kontena. Hakipo. Kilichopo ni programu ya kawaida inayotembea kama nyingine, ila imefichwa vitu. Haioni programu za jirani. Haioni faili zote za diski. Inadhani ina mtandao wake na jina lake la kompyuta. Na imewekewa kiwango cha memori isikivuke.

Fikiria ploti ya bedsitta. Msingi ni mmoja, paa ni moja, bomba la maji ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake, na token za stima zikiisha, zimeisha kwake peke yake. Hilo ndilo kontena. Mashine pepe ni tofauti: pale unajenga nyumba nzima ndani ya ploti, na msingi wake na kisima chake. Ndiyo maana kwa laptopu ya mtumba yenye GB 4 za memori, ukiwasha mashine pepe moja feni inaanza kulia kama ndege inayopaa, lakini makontena matano yanaweza kukaa humo bila fujo. Kila mashine pepe inabeba mfumo endeshi mzima. Kontena linaazima kerneli iliyopo tayari.

Sasa, wazo la kuificha programu vitu ni la lini? 1979. Mwaka huo Bell Labs, Marekani, walitoa toleo la 7 la Unix, na ndani yake mlikuwa na kitu kipya kinachoitwa chroot. Kazi yake ni kuiambia programu: folda hii ndiyo mzizi wa dunia yako, nje yake hakuna kitu. Mwaka 1982 Bill Joy akaiingiza kwenye BSD, tawi la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hakukuwa na mtu aliyekuwa akiwaza kuuza wingu wala kuanzisha kampuni. Watu walitaka tu sehemu safi ya kujaribia mambo bila kuharibu mashine nzima.

Kipande ninachokipenda zaidi kwenye historia hii yote ni cha Januari 1991. Bill Cheswick, mtaalamu wa usalama pale Bell Labs, aligundua kuna mtu anajaribu kuiba faili la nywila kupitia mtandao. Badala ya kumfungia mlango, Cheswick akaamua kumchezea. Akawa anamjibu kwa mkono, akijifanya ndiye kompyuta, akimtumia majibu ya uongo na kumchelewesha kana kwamba mashine ni nzito. Fikiria, mtu mzima ameketi usiku akijifanya kompyuta mbovu! Baadaye alichoka, maana mwizi alikuwa halali. Ndipo akamjengea chumba kwa kutumia chroot: faili za uongo, watumiaji wa uongo, kila kitu kinafanana na mashine halisi. Akakiita jela. Jamaa akaingia mwenyewe, akajiona ameshinda, na Cheswick na wenzake wakakaa miezi kadhaa wakimwangalia anavyofanya kazi. Walimfuatilia mpaka wakajua anatokea Uholanzi. Cheswick aliandika yote hayo kwenye makala yake ya mwaka 1992, na mpaka leo ni somo zuri kwa mtu yeyote wa usalama.

Lakini Cheswick mwenyewe alijua jela ile ilikuwa na mashimo. Chroot inaficha faili peke yake. Programu iliyo ndani bado inaona michakato ya nje, bado inatumia mtandao ule ule, na ikipata mamlaka ya root, yaani yule mtumiaji mkuu asiyekatazwa kitu, inaweza kutoka nje. Ukuta ulikuwa upande mmoja tu wa chumba.

Waliomalizia kuta ni watu wa FreeBSD. Poul-Henning Kamp, jamaa wa Denmark, alitengeneza kitu kilichoingia kwenye FreeBSD 4.0 mwaka 2000, na jina lake likawa lile lile: jail. Angalia sababu yake, kwa sababu hii ndiyo sababu ya makontena mpaka leo. Kulikuwa na kampuni ndogo ya kukodisha nafasi kwenye seva, na ilitaka kuweka wateja wengi kwenye mashine moja bila mmoja kuingilia mwingine. Umaskini wa mashine, basi. Si ndoto ya mbali, si ubunifu wa jukwaani. Seva ni ghali, wapangaji ni wengi, gawa vyumba. Sun nao wakafuata na Solaris Zones, zilizotoka kwenye Solaris 10 mwaka 2005.

Na Linux? Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kienyeji kidogo. FreeBSD walijenga nyumba kwa ramani. Linux ikajengwa kama mtu anayejenga Kitengela kwa mshahara wa mwezi kwa mwezi: leo ukuta huu, mwaka ujao dirisha. Miradi kama Linux-VServer, iliyoanza 2001, na baadaye OpenVZ, ilifanya kazi vizuri, lakini ilikulazimu uirekebishe kerneli yenyewe kabla ya kuitumia. Si kila mtu ana roho hiyo.

Ndani ya kerneli rasmi ya Linux, kuta zilikuja moja moja. Zinaitwa neimspesi, na kila moja inaficha kitu kimoja. Ya kwanza, ya kuficha mpangilio wa faili, iliingia 2002 kwenye kerneli 2.4.19. Ukisoma msimbo wa Linux utakuta alama yake inaitwa CLONE_NEWNS, maana yake ni "neimspesi mpya" tu, bila kusema ni ya nini. Kwa sababu gani? Kwa sababu walioiandika hawakudhani kutakuwa na nyingine. Kisha 2006 ikaja ya jina la mashine, kisha ya orodha ya michakato, kisha ya mtandao. Ya mwisho kati ya zile kubwa, inayoficha watumiaji wenyewe ili mtu awe root ndani na mtu wa kawaida nje, ilikamilika kwenye kerneli 3.8, Februari 2013. Kumbuka hiyo tarehe.

Neimspesi zinaamua programu inaona nini. Bado kulikuwa na swali la programu inakula kiasi gani. Hapo wahandisi wawili wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza kazi mwaka 2006, na jina walilolipa mradi wao lilikuwa makontena ya michakato. Mwaka 2007 likabadilishwa likawa cgroups, kwa sababu neno kontena lilikuwa tayari linatumika kwa vitu vingi mno ndani ya Linux na lilikuwa linachanganya watu. Yaani neno lenyewe lilikuwa limechoka miaka sita kabla ya Docker! Cgroups ziliingia kwenye kerneli 2.6.24, Januari 2008, na mwaka huo huo ukaanza mradi wa LXC, uliochukua vipande hivi vyote na kuvifunga pamoja. Kwa LXC ungeweza kuanzisha kontena kamili kwenye Linux ya kawaida, bila kugusa kerneli.

Kwa hivyo mwaka 2008 kila kitu kilikuwapo. Kontena lilikuwa linafanya kazi. Mbona basi haukuwa unalisikia?

Kwa sababu kulitumia kulikuwa noma. Ulihitaji kujua mafaili ya usanidi, daraja za mtandao, na wapi pa kutoa faili za mfumo utakaoweka ndani. Google walikuwa na jeshi la wahandisi wa kufanya hivyo. Mwaka 2014 mhandisi wao Joe Beda alisema hadharani kwamba karibu kila kitu cha Google kinatembea ndani ya kontena, na kwamba wanaanzisha zaidi ya makontena bilioni 2 kila wiki. Yaani ulipokuwa unatafuta matokeo ya KCSE au mapishi ya pilau, jibu lako lilikuwa linatoka kwenye kontena, na hakuna aliyekuambia. Teknolojia ilikuwapo, ila ilikuwa ya matajiri.

Sasa ndio tumefika 2013. Solomon Hykes alikuwa anaendesha kampuni inayoitwa dotCloud, iliyokuwa inawapa watengenezaji programu mahali pa kuweka kazi zao. Biashara haikuwa inapaa. Lakini ndani ya kampuni walikuwa wametengeneza chombo chao cha kuendesha makontena, na Machi 2013, kwenye mkutano wa PyCon kule Santa Clara, California, Hykes alipanda jukwaani kwa yale maonyesho ya dakika tano tano. Aliandika amri moja, kontena likawaka, likachapa "hello world", likazima. Basi. Mwezi huo huo wakaachilia msimbo wote uwe huria, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilikuwa imebadilisha jina ikawa Docker.

Niseme ukweli, mimi simnyimi Hykes sifa zake. Ila lazima tujue alifanya nini hasa. Kontena la Docker la mwanzo lilikuwa LXC kwa ndani. Walichoongeza ni njia ya kufungasha na kusafirisha. Waliunda imeji, yaani programu yako pamoja na kila maktaba inayohitaji, imefungwa kifurushi kimoja. Waliunda faili fupi ya maandishi, Dockerfile, inayoeleza hatua za kutengeneza hiyo imeji ili mtu mwingine airudie. Na wakaweka ghala la mtandaoni ambapo unavuta imeji ya mwenzako kwa amri moja.

Imeji zenyewe zimepangwa kwa matabaka kama chapati zilizolaliana kwenye sahani. Chini kuna tabaka la mfumo, juu yake maktaba, juu yake msimbo wako. Matabaka hayo hayabadiliki. Kontena likiwaka linaongezewa tabaka jembamba juu, na hapo ndipo kila kinachoandikwa kinakaa. Ukilifuta kontena, lile tabaka linafutwa nalo. Ndilo lililoniponza! Hifadhidata ya yule mteja ilikuwa inaandika kwenye tabaka la juu, na mimi nikalitupa nikidhani natupa ganda. Nilipaswa kuambatisha folda ya nje, inaitwa volyumu, ambayo inabaki hata makontena yakija na kuondoka. Herufi chache tu kwenye amri, alama ya -v na njia ya folda. Nililipa kwa kukaa siku nne nikiingiza risiti za karatasi moja moja, bila malipo, huku mwenye duka akinitazama na kunyamaza. Afadhali angenigombeza.

Turudi kwa jina, kwa sababu jina nalo lina historia yake na inatugusa. Docker kwa Kiswahili ni kuli. Mpakiaji wa bandarini. Kwa Mombasa hilo si neno la mzaha: makuli na wafanyakazi wenzao waligoma Januari 1947 wakausimamisha mji, wakajiunga chini ya chama kilichokuja kuongozwa na Chege Kibachia, na serikali ya kikoloni ikamkamata na kumpeleka kizuizini Kabarnet. Makuli wakagoma tena 1955, na kijana mmoja wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, akashuka pwani kusaidia kutafuta suluhu. Kuli alikuwa na nguvu kwa sababu meli haiwezi kuondoka bila mgongo wake. Kila gunia, kila pipa, kila sanduku la chai lilikuwa na ukubwa wake na lilihitaji mikono.

Halafu tarehe 26 Aprili 1956, mwenye malori mmoja wa Marekani, Malcom McLean, akapakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Kupakia kwa mikono kulikuwa kunagharimu karibu dola 6 kwa tani. Kwa masanduku yake ilishuka hadi karibu senti 16. Sanduku lenyewe halikuwa uchawi, kila mtu anajua sanduku. Kilichobadilisha dunia ni vipimo kuwa sawa kila mahali, ili kreni ya Newark na kreni ya Mombasa zishike pembe zile zile, na McLean alikubali hataza zake zitumike bure ili vipimo hivyo vikubalike. Bandari duniani kote zikapunguza makuli. Leo kontena tunalijua zaidi kama kinyozi au duka la M-Pesa la mtaani, lakini lile la bluu lenye kutu lilianza kwa kumnyang'anya mtu kazi.

Kwa hivyo kampuni iliyojiita kuli ilichagua nembo ya nyangumi aliyebeba makontena mgongoni, na sijui kama kuna mtu pale ofisini aliyewaza kwamba kontena ndilo lililommaliza kuli. Na kazi ile ile ya kusimamia seva kwa mikono, iliyokuwa ajira ya watu wengi, nayo ikaanza kupungua makontena yalipoingia. Hii sehemu huwa haisemwi kwenye mafunzo.

Wengine nao wakachukua majina ya baharini. Juni 2014 Google wakatangaza Kubernetes, chombo cha kupanga makontena mengi kwenye mashine nyingi. Jina ni la Kigiriki, maana yake ni mshika usukani. Mtu wa Lamu angesema nahodha na tungemaliza. Mwaka 2015 vita vikaanza kuonekana, maana kampuni nyingine, CoreOS, ilikuwa imekuja na kontena lake, na watu wakaogopa tutarudi kwenye masanduku ya ukubwa tofauti. Juni mwaka huo wakakubaliana kuunda OCI, chombo cha kuweka vipimo vya pamoja vya imeji na namna ya kuliendesha kontena. Docker wakatoa sehemu yao inayowasha kontena, runc, iwe ya wote. Hilo kwangu ni tukio kubwa kuliko yale maonyesho ya dakika tano, ingawa hakuna aliyelipigia makofi. Kwa sababu yake, imeji uliyoijenga kwa chombo kimoja inawaka kwa kingine.

Na ndio maana nasema usioe kampuni. Novemba 2019 Docker waliuza upande wao wa wateja wakubwa kwa Mirantis. Mwaka uliofuata wakaweka kikomo: ukivuta imeji bila akaunti, mara 100 kwa kila saa sita. Kikomo hicho kinahesabiwa kwa anwani ya intaneti, kwa hivyo hosteli nzima inayotumia Wi-Fi moja inaweza kuhesabiwa kama mtu mmoja. Mwaka 2021 wakasema kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 zilipie Docker Desktop. Ni haki yao, mali ni yao. Lakini Desemba 2020, Kubernetes ilipotangaza itaacha kuitumia Docker moja kwa moja, watu walichanganyikiwa mtandaoni kama wametangaziwa intaneti inafungwa. Waliokuwa wanajua historia hawakushtuka. Walijua imeji ni za OCI, runc iko, kerneli iko. Kilichokuwa kinaondoka ni kipande cha katikati tu.

Basi tuanze. Kama uko kwenye Linux, na hata zile Docker za Windows na Mac huwa zinawasha Linux kwa siri ndani ya mashine pepe, usianze na Docker. Fungua terminali uandike hivi:

sudo unshare --fork --pid --mount-proc bash

Halafu andika ps aux. Utaona michakato miwili tu, bash yenyewe ikiwa namba 1, na hiyo ps. Zile programu zako nyingine zote, kivinjari, muziki, zimetoweka machoni pake. Hujasakinisha chochote. Hiyo ni neimspesi ya michakato, ukuta mmoja, umeujenga kwa mkono wako. Andika exit na dunia inarudi. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ule uchawi niliokuwa nauogopa ulikuwa mstari mmoja.

Ukishaelewa hapo, kwa Ubuntu au Debian sakinisha Podman kwa sudo apt install podman. Nimeichagua kwa sababu haihitaji programu kubwa inayokaa nyuma ikiwa na mamlaka ya root, na inatumia ile neimspesi ya watumiaji ya Februari 2013, kwa hivyo unaendesha makontena ukiwa mtumiaji wa kawaida. Kwenye Docker ya kawaida, mafunzo mengi yanakuambia ujiweke kwenye kundi la docker ili usiandike sudo kila mara. Hawakuambii kwamba aliye kwenye kundi hilo ni sawa na root wa mashine nzima. Sasa jaribu:

podman run --rm -it docker.io/library/alpine sh

Alpine ni Linux ndogo sana, imeji yake ni MB chache, bando haitalia. Ukiwa ndani, andika cat /etc/os-release na itakuambia ni Alpine. Andika uname -r na itakupa kerneli ya laptopu yako, ile ile. Hayo majibu mawili yanaeleza kontena kuliko mchoro wowote nilioonyeshwa darasani. Lile neno --rm linasema kontena lifutwe likizima, kwa hivyo unajua tayari faili utakazoandika humo zitaenda wapi.

Na usivute imeji ya mtu usiyemjua. Mwaka 2018 ziligunduliwa imeji 17 za akaunti moja kwenye Docker Hub zilizokuwa zimevutwa zaidi ya mara milioni 5, na ndani yake mlikuwa na programu za kuchimba sarafu ya Monero kwa stima na prosesa ya aliyezivuta. Ukuta wenyewe pia hutoboka: Februari 2019 runc ilikutwa na shimo lililoruhusu kontena ovu kuteka mashine yote, ikabidi dunia nzima isasishe. Kwa hivyo sasisha kerneli yako, na ile tabia ya kubonyeza "baadaye" iache.

Kuhusu bando, kuna kitu tunafanya na marafiki zangu. Mmoja anavuta imeji mahali penye intaneti nzuri, kisha anaandika podman save -o alpine.tar docker.io/library/alpine, na lile faili linaingia kwenye flash. Wengine wanaandika podman load -i alpine.tar na imeji iko kwao, bila kugusa mtandao. Wiki iliyopita tulipitisha PostgreSQL hivyo, kutoka laptopu moja hadi nyingine, watu sita, flash moja. Na safari hii kila mtu aliambatisha volyumu kabla ya kuiwasha, nilihakikisha mwenyewe.